Mkeka ukitiki: Dar na Marekani

Hapa Dar, mkeka wako (tiketi ya kubashiri) ukitiki, yaani ukishinda, kodi haikusubiri. Kampuni ya kubashiri inakata kwenye ushindi na kuipeleka TRA (mamlaka ya mapato). Kinachoingia kwenye simu yako ukiwa kijiweni Manzese kimeshapunguzwa. Hakuna fomu wala foleni.

Binamu yako aliyeko Houston ana kazi zaidi. Marekani ushindi wowote, hata dola 20, ni kipato, na anatakiwa kuutaja mwenyewe kwenye ritani (fomu ya kodi) ya mwaka. Lakini sheria yao inamruhusu kutoa hasara za kamari (tangu 2026 ni asilimia 90 ya hasara tu), kwa kiwango kisichozidi alichoshinda, mradi aorodheshe makato yake moja moja badala ya kuchukua punguzo la jumla, na awe ametunza risiti (nani anatunza risiti za mikeka?). Hapa kwetu mikeka iliyochanika wiki nzima haipunguzi hata shilingi. Kwa uvivu wangu wa makaratasi, bado nachagua Dar.