Oilikula ya Setrab na sahani ya Mocal kwenye Subaru STI: vifaa vizuri, mradi filta isisahaulike

Injini za EJ207 na EJ257 zilizo kwenye Impreza WRX STI zinajulikana kwa mambo mawili: nguvu, na beringi za konrodi zinazokufa mapema oili ikipata moto kupita kiasi na kuwa nyepesi kama maji. Barabarani kwa kawaida oili hukaa kati ya nyuzi 90 na 105 za Selsiasi. Ukilipanda bonde kutoka Mai Mahiu kuja Limuru mguu ukiwa chini, au ukizunguka uwanja wa autocross (mashindano ya kukimbiza gari kwenye uwanja uliopangwa koni) kwa dakika kumi mfululizo, inavuka 120 bila shida. Hapo ndipo oilikula, yaani rejeta ndogo ya kupoza oili kwa hewa, inapoanza kuwa na maana. Gari la kwenda kazini na kurudi halihitaji. Hilo linahitaji oili nzuri ya 5W-40 na geji ya joto la oili, basi.

Tuanze na Mocal. Sahani hii ya Kiingereza hukaa kati ya bloku na filta na kuipeleka oili kwenye oilikula, na uzi wake kwa Subaru ni M20x1.5. Chagua yenye themostati, ile inayofunguka kwenye nyuzi 80 hivi. Kabla ya joto hilo, oili nyingi hupita moja kwa moja kwenye filta, na kiasi kidogo tu huendelea kuzunguka kwenye oilikula ili paipu zisikae na hewa. Sahani isiyo na themostati ni ya kukataa hata ukipewa bure. Asubuhi za Julai Nairobi, oili itatembea kilomita nyingi bila kufika nyuzi 80, petroli na unyevu vitabaki ndani yake badala ya kuvukizwa, na utakuwa umeharibu injini kwa kifaa ulichonunua kuilinda.

Kasoro ya Mocal ni matundu yake: ni nusu inchi BSP (uzi wa mabomba wa Kiingereza), na maduka mengi huuza viungio vya NPT (ule wa Kimarekani). Vyote viwili vina nyuzi 14 kwa inchi, kwa hiyo kiungio kisicho chake kitaingia mizunguko miwili mitatu na kukudanganya kuwa kinafaa. Pembe za nyuzi hazifanani (55 kwa BSP, 60 kwa NPT), kwa hiyo kitavuja, na ukikikaza zaidi utaipasua sahani. Nunua viungio vya BSP pamoja na washa zake za chuma zenye raba katikati. Tepu ya mabomba isikaribie hapo, kwani vipande vyake hukatika na kusafiri hadi kwenye tundu dogo la oili ya turbo.

Oilikula yenyewe, Setrab ProLine ya Sweden, haina mpinzani kwa ubora wa uchomeleaji. Matundu yake ni M22x1.5, na oili inaweza kuingia upande wowote. Namba 619 ina safu 19 na upana wa sentimita 33 hivi. Ni nzuri kwa gari la mashindano, lakini sehemu pekee inapoenea ni mbele ya kondensa ya AC, na hapo inaiba hewa ya rejeta. Kwa STI ya barabarani inayoonja uwanja mara moja moja, 119 ya upana wa sentimita 21 ni chaguo bora, kwa sababu inakaa kwenye kona nyuma ya taa ya ukungu. Tengeneza njia ya hewa ya bati au plastiki kutoka tundu la bampa hadi kwenye uso wake, kisha toboa kava ya ndani ya tairi hewa ipate pa kutokea. Bila njia ya kutokea, hewa husimama na oilikula inakuwa pambo. Weka wavu mbele yake. Jiwe moja la murram linatosha kuimaliza. Matundu yatazame juu au pembeni. Yakitazama chini, hewa hujifungia ndani.

Paipu ziwe za ukubwa wa AN-10 na zipite mbali na manifoldi ya egzosi, ambayo kwenye EJ iko karibu mno na filta. Zifungwe kwenye mpira kila zinapogusa chuma, maana nyavu zake za chuma za nje husaga bati kama msasa.

STI hizi zilitoka kiwandani na kipoza-oili kinachotumia maji ya rejeta, na kipo hapo hapo unapotaka kuweka sahani. Ukiviweka vyote viwili, filta hushuka chini kwa sentimita kadhaa, kwa hiyo pima nafasi hadi sampgadi (kinga ya chini ya injini) kabla ya kununua chochote. Ukikitoa, unganisha paipu zake mbili za maji ziwe moja, ongeza maji na utoe hewa.

Sasa filta, ambako watu hubana shilingi baada ya kumwaga hela kwenye oilikula. Oili hutoka kwenye bloku, huenda kwenye oilikula, hurudi na kupita kwenye filta, ndipo iingie kwenye beringi. Uchafu wowote wa oilikula unategemea filta kuuzuia. Lakini filta ina vali ya dharura inayofunguka shinikizo likizidi, na ikifunguka, uchafu unapita. Pampu ya EJ husukuma oili nyingi, na ndiyo maana filta nyeusi ya Tokyo Roki, 15208AA100, ina vali ya 160 kPa. Filta nyingi za bei nafuu zenye uzi sawa hufunguka kwenye nusu ya hapo au chini yake, yaani kila unapokanyaga oili ikiwa bado nzito, huna filta. Nunua hiyo nyeusi. Ya bluu ya soko la Marekani inatosha kwa gari la nyumbani, si kwa hili.

Usilipie zaidi kwa raba ya silikoni ya kuzuia oili kurudi. Filta ya EJ hukaa mdomo ukiwa juu, kwa hiyo oili haimwagiki. Kwenye FA20, injini ya Subaru ya baadaye, ambako filta imepinduliwa juu ya injini, hapo raba hiyo ina kazi.

Filta bandia zipo tele. Nunua mbili, ukate moja kwa kikata-kopo. Msumeno haufai, utajaza chenga za chuma. Mikunjo ya karatasi iwe sawasawa na springi iwe ngumu. Fanya vivyo hivyo kwa filta iliyotumika: chenga zinazonata kwenye sumaku ni chuma, zinazong'aa bila kunata huenda ni beringi.

Kwa sababu hiyo hiyo, oilikula ya mtumba kutoka kwa gari lililovunjwa isinunuliwe kabisa. Injini ikiwahi kuua beringi, chenga hukwama kwenye safu zake na hakuna petroli wala hewa ya kompresa itakayozitoa zote. Hata Setrab yako mwenyewe, injini ikifa, itupe.

Siku ya kuwasha, paka oili raba ya filta na uikaze kwa mkono robo tatu hadi mzunguko mmoja baada ya kugusa. Ongeza nusu lita hadi lita moja juu ya kipimo cha kawaida. Mita moja ya AN-10 peke yake hubeba mililita 150 hivi. Toa fyuzi ya pampu ya petroli, piga stata sekunde kumi kumi hadi taa ya oili izimike, ndipo uirudishe. Washa, subiri oili ifike nyuzi 90 themostati ifunguke, zima, kagua kila kiungio kwa tishu nyeupe, kisha pima upya kwa dipstiki.