Mbolea ya ruzuku kwa vocha ya simu: uzoefu wangu

Nyota tatu kati ya tano kwa mpango wa serikali ya Kenya wa mbolea ya bei nafuu, ambapo ujumbe wa simu (vocha) ndio unaokuruhusu kununua mifuko yako ghalani. Bei ingepata tano peke yake; daftari la wakulima ndilo linaloangusha mpango.

Kuhusu bei sina neno. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 ulifika shilingi 6,500, ukashushwa hadi 3,500 Septemba mwaka huo huo, kisha 2,500 mwaka 2023. Kwa bei hiyo, ekari ya mahindi yenye mfuko mmoja wa DAP wa kupandia na mmoja wa CAN wa kukuzia inakula 5,000, usafiri kando.

Sasa nani anaipata? Ni yule ambaye jina lake limo kwenye KIAMIS, daftari la serikali la wakulima la kidijitali, basi. Jina huingia humo kupitia kwa chifu au naibu wake: unatoa kitambulisho, namba ya simu, ekari unazolima na zao unalopanda. Kwenye ekari ndipo watu wanapoumia, kwa sababu mifuko huhesabiwa kwa kuziangalia. Ukiandikwa nusu ekari na unalima tatu, utaletewa ya nusu. Mashamba ya familia ni balaa zaidi: yote yakiandikwa kwa baba, ujumbe wa vocha unaingia kwenye simu ya mzee, na kijana au mama anayeshika jembe hapati chochote. Kila anayelima kipande chake aandikishwe kwa kipande hicho.

Tarakimu moja ya kitambulisho ikikosewa, vocha inagoma ghalani na karani hana la kukusaidia. Marekebisho yanarudi kwa chifu au afisa wa kilimo. Fanya hivyo Novemba au Desemba. Machi mvua ikishaanza, foleni ni ya kijiji kizima.

Ujumbe ukifika, soma aina ya mbolea, idadi ya mifuko na ghala. Vocha haikuwekei mfuko pembeni, kwa hiyo uliza kama aina yako ipo kabla hujatoka nyumbani. Beba kitambulisho chenyewe, si picha, na uwe na pesa kwenye M-Pesa.

Mfuko ukague hapo hapo. Mwaka 2024 mbolea bandia ilipatikana ndani ya mpango huu huu, kwa hiyo nembo haitoshi. Uzi wa kushonea usiwe umefumuliwa na kurudishwa. Koroga kijiko cha DAP kwenye glasi ya maji: karibu yote inayeyuka, na changarawe ikibaki chini, rudisha. CAN huacha unga mweupe, hiyo ni chokaa yake, usishtuke. Kipimo kingine cha DAP ni kusugua chembe chache na chokaa kidogo kwenye kiganja kilicholoa. Ikiwa halisi, harufu ya amonia itakupanda puani. Nawa mikono baadaye.

Lawama yangu nyingine ni kwamba vocha haijui udongo wako. DAP inazidisha asidi, na mashamba mengi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu tayari yana asidi. Pima udongo, uweke chokaa kwanza, la sivyo fosforasi unayoinunua kwa bei nafuu inanaswa ardhini na mahindi hayaioni.

Mwenye mifuko miwili tu, nauli ya bodaboda kutoka ghala la mbali inaweza kumlia faida yote. Majirani watano wakodi pikapu moja, kila mtu na kitambulisho chake mfukoni.