Fundi wa upande wa Posta, Lubumbashi: XP yangu na Windows 11 zimesikilizana

Kama una mashine ya zamani usiyoweza kuiacha na laptopu mpya isiyotaka hata kuiona, huyu ndiye fundi wa kumwendea. Nampa nne juu ya tano, na ile moja iliyopungua nitaieleza, maana si ndogo. Duka lake halina kibao. Liko katikati ya mji, upande wa Posta, nyuma ya watu wanaouza chaja na vifuniko vya simu. Pita katikati ya meza zao, utaona mlango wa chuma wa kijani, na ndani mashine zilizofunguliwa zimepangwa mpaka darini. Huyo ndiye.

Mimi nafanya sekretariati nyumbani, Katuba. Napiga maandishi, natoa fotokopi, lakini mkate wangu hasa ni fakture (ankara) za wafanyabiashara wa soko la Kenya, komini ya hapa hapa Lubumbashi, si nchi. Fakture zao zinatoka kwenye karatasi ya nakala tatu: nyeupe kwa mteja, waridi kwa stoo, njano kwa mwenye duka. Printa ya wino au ya leza haiwezi kazi hiyo, kwa sababu haigongi karatasi. Inayoweza ni Epson LX-300 yangu ya sindano tisa, ambayo ikianza kazi jirani wote wanajua nimepata mteja. Imefungwa kwenye kompyuta ya zamani, Pentium 4 yenye Windows XP, na programu ya fakture iliyomo ni ya enzi za DOS, ya biti 16. Windows ya biti 64 haifungui programu za namna hiyo, na Windows 11 haipo ila ya biti 64. Kwa hiyo usiniambie ninunue mpya. Wameshaniambia wengi, na mmoja, ambaye simtaji, alikuwa tayari ameanza kuifungua XP ili aifute.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Wateja siku hizi wanatuma bidhaa na bei kwa WhatsApp, kijana wangu anazipanga kwenye laptopu yake ya Windows 11 Pro, halafu orodha inatakiwa ifike kwenye XP. Tulikuwa tunaibeba kwa flash. Flash hiyo hiyo inaingia kwenye mashine za wanafunzi wanaokuja kuchapa kazi zao, inarudi na virusi, folda zote zimegeuka vishale. Kila wiki vita.

Nilipomweleza fundi, hakuuliza Windows gani kwanza. Aliuliza: «Mama, zinaonana kwa namba?» Sikuelewa. Alipofika nyumbani nikaelewa: namba ni anwani ambazo mashine huitana nazo kwenye mtandao. Hakugusa kabisa ile alama ya «Réseau», yaani mtandao, ambayo kijana wangu alikuwa anaifungua na kuifunga mchana kutwa. Alisema dirisha lile halifai kwa ushahidi: XP inaorodhesha majirani kwa utaratibu wa zamani, Windows mpya zinajitangaza kwa utaratibu mwingine, kwa hiyo mashine mbili zinaweza kuwa na njia safi kati yao na bado zisionane humo. Pia alicheka aliposikia tumeshauriwa kulinganisha jina la kikundi, MSHOME liwe WORKGROUP. Jina hilo linasaidia kuorodhesha tu, mlango halifungui. Na wanaokuelekeza kwenye «Groupe résidentiel», ile njia ya Windows ya kuunganisha mashine za nyumba moja, waambie Microsoft waliiondoa kwenye Windows 10 mwaka 2018.

Alianzia kwenye waya. XP ilikuwa na anwani inayoanza na 169.254, nayo ni namba ambayo mashine hujipa yenyewe inapoita na hakuna anayeitika. Maana yake haikuwa imefika hata kwenye ruta. Akaitazama ncha ya kebo, akakuta kile kiulimi cha plastiki kimevunjika na ncha inacheza ndani ya tundu. Akaikata. Akazifumua nyaya nane, akazinyoosha kwa kidole gumba, akazipanga huku kijana akimshikia tochi ya simu: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Akazikata sawasawa, akazisukuma, akaziminya kwa koleo lake. Taa ya nyuma ya XP ikawaka. Sikuwa nimeiona ikiwaka tangu kipupwe.

Upande wa laptopu alikuta mambo mawili. Kwanza ilikuwa kwenye Wi-Fi niliyowawekea wateja, na ruta yangu inawatenga walio humo wasionane na mtu yeyote wa ndani. Ndivyo inavyotakiwa, wateja ni wateja. Akaihamishia kwenye Wi-Fi ya nyumba. Pili, Windows ilikuwa imeuhesabu mtandao wa nyumba yangu kuwa wa hadharani, kama wa hoteli, ikajifungia. Akaubadilisha kuwa «privé», yaani wa binafsi. Sasa namba zikaitikiana.

Hapo ndipo ukuta wenyewe ulipoonekana. Laptopu ikaandika kwa Kifaransa kirefu kwamba folda ya XP inadai protokali ya SMB1, iliyopitwa na wakati, na ni ya hatari. Kijana wangu alikuwa na dawa yake kutoka kwenye video, akamwambia fundi, akimwita «yaya», yaani kaka mkubwa:

«Yaya, si tuweke tu alama pale kwenye SMB1? Dakika mbili tumemaliza.»

«Itafanya kazi leo leo,» fundi akamjibu. «Lakini laptopu hii ndiyo inayoingia intaneti, ndiyo yenye barua na pesa za mama. Mlango huo siufungui hapa. Ukiufungua wewe mwenyewe baadaye, usiniite.»

Nilipenda jibu hilo. Nikamwomba aeleze, akaeleza bila kujidai. SMB ni namna Windows zinavyoombana mafaili. XP inajua ile ya kwanza tu. Ya pili ilikuja na Windows Vista, XP ikiwa tayari mzee. Mwezi wa tano 2017, virusi vya WannaCry vilipita kwenye SMB1 vikaingia mashine baada ya mashine bila mtu kubonyeza chochote, vikafunga mafaili na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa, Renault ilisimamisha viwanda. Microsoft walikuwa wametoa kinga mwezi wa tatu, wengi hawakuiweka. Hali ilipokuwa mbaya wakatoa hata ya XP, ambayo walikuwa wameiacha tangu Aprili 2014. Tangu toleo la Windows 10 la mwisho wa 2017, ukiweka Windows upya SMB1 inakuja imezimwa. Kwa hiyo laptopu ya kijana haikuwa imeharibika. Ilikuwa inakataa kwa makusudi, na ilikuwa na haki.

Dawa ya fundi ilikuwa kumweka mkalimani katikati. Binti yangu aliacha laptopu ya kioo kilichopasuka, betri imekufa, ilikuwa juu ya kabati inakusanya vumbi. Akaiwekea Linux Mint, mfumo unaokaa mahali pa Windows, na Samba, programu ya bure inayozungumza na Windows za kila umri. Samba nayo tangu 2019 inakuja imeifunga SMB1, kwa hiyo aliifungua kwa mstari mmoja, ndani ya mashine hiyo tu, ambayo haina siri yoyote. XP inaweka na kuchukua kwa lugha ya zamani, Windows 11 kwa lugha mpya, na hizo mbili zenyewe hazigusani.

Folda aliipa nywila, hata nilipolalamika kwamba ndani ya nyumba yangu siogopi mtu. Akaniambia Windows 11 Pro ya toleo la 2024 haikubali tena folda iliyo wazi kwa kila mgeni. Basi, nywila. XP ikaikataa mara ya kwanza ingawa niliiandika mwenyewe herufi kwa herufi. Inatuma nywila kwa njia ya kizamani ambayo Samba ya leo haipokei. Badala ya kuilegeza Samba, aliingia kwenye rejista ya XP, pale inapoweka mipangilio yake ya ndani, akabadilisha namba moja, nayo ikaanza kuituma kwa njia iliyo bora zaidi. Kisha akaipa XP anwani ya mkono, 192.168.1.20, na pale pa lango la kutokea akapaacha patupu. Inafika kwa mashine za nyumbani, nje haitoki. Mashine isiyopata kinga mpya miaka yote hii haina biashara kwenye intaneti.

Wengi wangeishia hapo, wakaomba pesa. Mimi mwenyewe nilishatoa bukari (ugali) jikoni. Yeye akasema, «Mama, toa fakture moja ya kweli nione.»

Tukatoa. Kwanza faili halikuonekana vizuri: programu ya DOS inataka jina lisilozidi herufi nane na nyongeza ya tatu, na kijana wangu anaandika majina marefu kama barua ya mapenzi, XP ikayafupisha yote kuwa ORODHA~1, ORODHA~2. Hilo ni rahisi, sasa anaandika BEI01, BEI02. Baya lilikuwa la pili. Mteja wangu mkubwa jina lake linaanza na «Société», na kwenye skrini likatokea «Soci├®t├®». Windows 11 inahifadhi maandishi kwa namna mpya ambapo é inachukua nafasi mbili. DOS inasoma kila nafasi peke yake na kutoa mikwaju. Hebu fikiria kumpelekea mfanyabiashara wa Kenya fakture yenye jina lake limekatwa hivyo. Atalipa kweli?

Hilo si la mtandao, na sikumwita kwa ajili yake. Alikaa nalo mpaka bukari ikapoa. Akaandika kiprogramu cha mistari michache kwenye ile Linux: kila faili linaloingia kwenye folda ya kijana, linageuzwa herufi zake ziwe za DOS, halafu linapelekwa kwenye folda ya XP. Akaitengeneza na Epson isome jedwali hilo hilo la herufi. Printa ikapiga «Société» na lafudhi zake zote mbili, nakala tatu, mpaka ile ya njano inasomeka. Kwa hilo peke yake ningempa nyota.

Akamalizia na jambo dogo: betri ya mviringo ya CR2032 ndani ya XP. Kila umeme wa SNEL ukikatika, saa ilikuwa inarudi miaka ya nyuma, na fakture zangu zilionekana zimetengenezwa kabla wateja wenyewe hawajafungua maduka. Faranga 3.000, imekwisha.

Kazi yote, pamoja na kuja Katuba, dola 30. Kebo na betri mbali. Si bei ya chini, kuna watakaokufanyia kwa 10. Watakuwekea alama kwenye SMB1 waende zao.

Sasa ile nyota. Aliniambia atakuja saa nne asubuhi, akafika jua linageuka, simu haishiki. Nilikuwa nimewaahidi watu kazi. Na alipoondoka hakuniachia kitu kilichoandikwa, hata risiti. Nywila aliiandika nyuma ya kipande cha boksi la kebo. Delestaji ya kwanza ilipotupata, umeme uliporudi XP ikaweka alama nyekundu kwenye folda, na mimi na kijana tukarudi kuwa wajinga. Nikampigia. Kumbe kuna mpangilio wa kuwasha: ruta kwanza, ingoje taa zake zitulie, halafu Linux, ambayo haina betri kwa hiyo lazima uibonyeze mwenyewe, halafu XP mwisho. XP ikitangulia inamtafuta mkalimani, haimwoni, inakata tamaa. Jambo la sentensi mbili. Angeniandikia siku ile ile. Hata jina la kile kiprogramu chake nililipata baada ya kumfuata dukani. Yeye huenda Kolwezi kwa kazi za makampuni, na akiwa huko hakuna mwingine pale dukani anayejua alichonifanyia. Ukimwita, mwekee daftari mbele na umwambie hapati hela kabla hajaandika. Mimi sasa nimefanya hivyo, na ameandika vizuri tu, kwa hati safi.

Kama shida yako ni kioo cha simu au Windows inayotaka kupigwa upya, usipoteze nauli, wale wa meza za mbele wanatosha na ni wepesi zaidi. Kama ni mashine za umri tofauti, nenda Jumamosi asubuhi, siku nyingine mchana anakuwa kwenye nyumba za watu. Chukua picha ya ujumbe wa kosa kwenye simu yako, wote, mpaka mstari wa mwisho, maana ndicho kitu cha kwanza anachoomba. Na kama una laptopu mbovu kabatini, ibebe na chaja yake.