PS2 ipi ununue mwaka huu: kabla ya yote fungua mfuniko uangalie utepe wa lenzi

Jamani leo naomba tuongee kuhusu PS2 (PlayStation 2) za mtumba, maana meseji ninazopata ni zilezile. “Dada nimenunua slim (PS2 ile nyembamba), inawaka vizuri, pedi ziko poa, ila siku zinavyokwenda CD zangu zinaanza kugoma moja baada ya nyingine, fundi anasema lenzi imekufa nibadilishe.” Mtu anabadilisha lenzi, hela imetoka, CD bado zinagoma. Nikimwambia ageuze CD aiangalie chini ya taa anakuta duara jembamba limezunguka safi kabisa kama limechorwa kwa bikari. Hapo lenzi inasingiziwa tu, mkosaji ni utepe.

Habari za rangi, unapewa pedi ngapi, ina boksi au haina, sitaziongelea, hayo utayaona mwenyewe ukifika dukani. Mimi nataka uangalie kitu ambacho hakuna muuzaji atakuonyesha.

Utepe ni ule waya bapa unaotoka kwenye lenzi kwenda kwenye bodi. Kwenye PS2 bonge, ile nene ya mwanzo, CD inaingia na trei na utepe uko chini huko, haukutani na CD. Kwenye slim Sony walibana kila kitu, CD unaipachika mwenyewe juu ya lenzi, na utepe unajikunja nyuma ya lenzi kila lenzi inaposogea. Miaka ikipita na joto lile la ndani, utepe unakakamaa, ile sehemu ya mkunjo inanyanyuka, na CD inazunguka juu yake inasuguliwa. Ukitega sikio sana utasikia kamlio kadogo ka kukwaruza, ila gemu ikiwa na sauti husikii kitu.

Na mkwaruzo wa duara ni mbaya kuliko mikwaruzo mingine yote. Data kwenye CD zimepangwa kwa kuzunguka, kwa hiyo mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni unakatiza njia tu, unaharibu vipande vifupi vifupi ambavyo mashine inaweza kuvijaza yenyewe. Ule wa duara unaifuata njia, unaharibu kipande kirefu mfululizo na hapo mashine inashindwa. Ndio maana unakuta CD imechakaa mikwaruzo kila mahali inacheza freshi, halafu nyingine ina duara moja tu haitoki kwenye skrini nyeusi.

Dukani ukikuta slim fanya hivi. Mashine ikiwa imezimwa fungua mfuniko, sukuma kile kibebeo cha lenzi taratibu kwa kidole, ukishika pembeni na sio kwenye kioo, kipeleke mbele kirudishe nyuma. Washa tochi ya simu, inama macho yako yawe usawa wa mashine, angalia nyuma ya lenzi. Utepe unatakiwa ulale chini muda wote. Ukiuona unavimba kwenda juu hata kidogo kwenye kona, rudisha mfuniko aga uende. Ukiwa na muda weka CD usiyoijali, iache izunguke kama dakika kumi, itoe uiangalie kwenye mwanga.

Najua wapo watakaosema siku hizi tunacheza kwa flashi, CD za nini. USB ya PS2 ni ile ya zamani, 1.1, inapitisha kama MB 1 kwa sekunde, kwa hiyo video za katikati ya gemu zinakwamakwama mpaka zinakera. Flashi ni ya kusaidia, kwa mimi CD na hadi diski ndio vyenyewe.

Sasa tupange.

Namba moja kwangu ni PS2 bonge ya SCPH-50003 au 50004 (hiyo ni namba ya modeli, iko kwenye stika ya mashine), na sitaki hata kubishana. Ile tarakimu ya mwisho inakwambia ilitengenezwa kwa ajili ya wapi: 3 Uingereza, 4 Ulaya, 1 Marekani, 0 Japani. Ya Uingereza na Ulaya inakula umeme kama wa kwetu, chomeka ucheze. Ya Japani ni volti 100 na pawasaplai iko humohumo ndani, ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 za Tanzania au 240 za Kenya umeiua, na ya Marekani nayo ni 120 kwa hiyo bila transfoma usiiguse. Hizi za 50000 zilitoka 2003, feni yake haipigi kelele kama bonge za toleo la nyuma, za 30000, na nyuma kuna ile nafasi ya kuweka hadi diski. Utatafuta network adapta yake (ya Sony inatumia IDE, plagi ya hadi diski za zamani, ila zipo bodi za kuigeuza iwe SATA, ya hadi diski za siku hizi), unaweka kwenye memori kadi Free McBoot, programu inayoiruhusu PS2 kufungua programu zisizo za Sony, unapiga Open PS2 Loader, programu ya kuchezesha gemu kutoka kwenye hadi diski, gemu zako zote ziko ndani na zinafunguka haraka. Lenzi ikichoka unaulizia yenye namba KHS-400C, usikubali kupewa 400B, hiyo ni ya za 30000.

Namba mbili ni slim ya 77000 au 79000, kama utepe umelala. Uzuri wake adapta iko nje, volti 8.5, ikiungua unanunua nyingine mashine inabaki salama. Free McBoot inakubali, na tundu la waya wa neti lipo tayari. Hata ukikuta utepe mzuri, ukifika nyumbani ubane ule mkunjo kwa kipande cha selotepu inayovumilia joto, ila iwe bapa na isizuie lenzi kutembea.

Namba tatu ni slim ya 90000. Pawasaplai imerudi ndani, waya mmoja tu, inapendeza sebuleni. Tatizo ni kwamba za mwishomwisho zilikataa Free McBoot, kwa hiyo soma deti kodi (alama ya lini ilitengenezwa) kwenye stika ya chini, ukikuta 8D au zaidi ya hapo ujue haikubali, utatumia OpenTuna, programu nyingine ya kazi ileile, ambayo nayo iko vizuri tu.

70000 iache. Ndio slim ya kwanza, utepe wake unasumbua, na zikiwekewa chipu ya kuchezesha CD za kopi zina sifa ya kuunguza lenzi. Zile stiki za HDMI za bei chee zenye maelfu ya gemu, mnunulie mtoto mdogo acheze Mario.

Kwenye wauzaji sasa ndio naumia. Sony waliacha kutengeneza PS2 mwanzoni mwa 2013, lakini mpaka leo unakuta mtu kaandika mpya kwenye boksi, siledi, na bei juu. Hakuna mpya hapo, ni kava lililooshwa na boksi lililochapishwa. Mwingine anachukua kava la 79004 anavalisha bodi ya 70004 anakuuzia kwa bei ya 79004. Usiamini stika peke yake, washa slim bila CD, kwenye menyu ya mwanzo bonyeza pembetatu, itakuandikia modeli yake mwenyewe. Isipolingana na stika, hiyo imeshafunguliwa na hujui ndani kumebaki nini.

Na memori kadi nunua ya Sony yenyewe, ya MB 8, iliyoandikwa MagicGate (ulinzi wa Sony kwenye kadi), hata kama imekwaruzika. Hizo za MB 64 na 128 wanazokuwekea kwenye ofa zinapoteza sevu, na nyingi zinagoma kabisa kupokea Free McBoot. Inauma mtu kufuta msimu mzima wa gemu la mpira sababu ya kadi ya bure. Ukiambiwa za Sony zimeisha nunua mashine bila kadi, na mwambie akupunguzie.