Kipigo cha nyumbani: Bandura au Goode?

Chukua nyumba moja ya Chamwino, Dodoma. Mvua imegoma, mtama umekauka, mke anauza zabibu stendi na ndiye anayenunua unga. Mume anampiga. Kwa nini?

Mwanasaikolojia Albert Bandura angeuliza mume huyo alikolelewa. Mwaka 1961, Marekani, watoto walioona mtu mzima akimtandika mwanasesere walimwiga. Sawa, ila ndugu wawili waliokua wakiona kipigo kilekile, mbona mmoja hapigi?

Mwanasosholojia William Goode (1971) anatazama mfuko: asiye na kipato wala heshima hukimbilia ngumi ili abaki mkubwa. Kwa nyumba hii namwamini zaidi, ingawa hoja yake inapwaya nikifika kwa wenye ng'ombe tele wanaopiga huku wakisema "nilitoa mahari". (Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa, nayo ya 1971, hakimpi yeyote haki hiyo.)