Kokoto za Lugoba na mashine ya kushindilia, uzoefu wangu kwenye besi za deki

Kwa wanaotaka kujenga deki ya mbao nje, ile baraza iliyonyanyuka kidogo juu ya nguzo, naomba niongelee tabaka la kokoto chini ya besi za zege, yaani vile vitako vinavyobeba nguzo, maana mafundi wengi wanalipitia harakaharaka mno. Yangu iko huku Goba, Dar, kiwanja kina mteremko, juu kichanga ukishuka kidogo unakuta mfinyanzi.

Kokoto nilichukua za Lugoba, kule Chalinze, inchi 3/4, na hizo nazisifia bila kusita. Ni ngumu halafu zina kona kali, ukizishindilia zinashikana hazitoki, tofauti na za mtoni zile za mviringo zinateleza kama gololi. Za Kunduchi ni jiwe la chokaa, laini zaidi, chini ya sakafu sawa ila chini ya nguzo inayobeba deki nzima mi siweki. Angalia pia vumbi, muuzaji mmoja alitaka kunipakilia mzigo nusu unga nikakataa palepale, kwa sababu kazi mojawapo ya hilo tabaka ni maji yapite yasituame chini ya zege, sasa ukijaza vumbi yatapita wapi?

Mashine ndio habari yenyewe. Dukani nilikokodi walikuwa nazo mbili, ya sahani, yenye bamba bapa linalotetemeka, na ile inayorukaruka kwa mguu mmoja, wakanisisitizia sahani eti ndio ya kokoto. Ni kweli kwenye eneo la wazi inafanya vizuri, lakini shimo langu ni sentimita 60 kwa 60, ikiingia humo haina pa kugeukia. Nikachukua ya kuruka, mguu wake upana kama sentimita 30, inapiga kwa nguvu mpaka kwenye kona. Tulianza na udongo wa chini uliolegezwa na sururu, tukaupiga ukakaza, ndipo kokoto sentimita 15 kwa awamu mbili, kila awamu inashindiliwa kivyake, maana ukimwaga zote kwa pamoja juu panakaza chini panabaki pamelegea na hutajua mpaka nguzo ianze kuzama. Tukimaliza ukisimama juu hazichezi kabisa, tunaweka pima maji, tunanyunyiza maji kidogo zisinyonye maji ya zege, tunamwaga.

Mfinyanzi ukiwa umelowa usiupige jamani!! Unageuka tope linalochezacheza na kadiri unavyopiga ndio unaharibu, acha ukauke au chota hilo tope lote utoe. Na kokoto hazigeuzi udongo mbovu kuwa mzuri, ukikuta laini endelea kuchimba mpaka ufike pagumu.

Masika imepita, nimepima tena nguzo zote, usawa ni uleule, na kusema kweli nimefurahi sana.

Kasoro ipo, mashine ina kilo zaidi ya 60, kuitoa shimoni lazima muwe wawili, mikono inakufa ganzi na bila buti ngumu usiiguse. Kama una mashimo machache tu hata chuma cha mkono chenye mpini mrefu kinatosha, ila upige kwelikweli. Ukikodi uliza mapema saa zinaanza kuhesabiwa lini, wengine wanahesabu tangu inatoka dukani na foleni ya Mbezi yote inakuwa juu yako, na mafuta pia uliza ni ya nani.