Riwaya za Kumnunulia Msomaji wa Miaka 10 hadi 17: Ipi Itangulie?

Mzazi anayeingia duka la vitabu kumtafutia mwanawe zawadi mara nyingi hutoka na kitabu kilichomo kwenye orodha ya mtihani, akijiambia kwamba fedha ileile itafanya kazi mbili. Kwa upande wa mfuko hesabu hiyo ni sahihi. Kwa upande wa usomaji ina kasoro, kwa sababu mtoto aliyezoezwa kufungua riwaya ili atafute dhamira, wahusika na tamathali za usemi hukifunga kitabu siku mtihani unapokwisha, na wengi hawakifungui tena. Mwongozo huu umepanga vitabu kwa kipimo kimoja tu, nacho ni uwezekano wa msomaji kukimaliza pasipo kushurutishwa. Baadhi yake viliwahi kuwa vitabu teule Tanzania au Kenya, lakini havikupewa nafasi zao hapa kwa sababu hiyo. Umri uliotajwa ni makadirio, kwani mtoto aliyelelewa Tanga au Unguja na bibi mwenye hadithi huweza kumtangulia mwenzake kwa miaka miwili.

Nafasi ya kwanza naipa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, kwa msomaji wa miaka 13 na kuendelea. Mswada wake ulishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957-58, ukachapwa kitabu mwaka 1960, na mpaka leo sijaona riwaya ya Kiswahili inayomshika kijana upesi kuliko hii. Bwana Ali anakutwa ameuawa kwenye mzimu, mahali ambapo wenyeji wamezoea kupaogopa, na wengi wako tayari kuwasingizia watu wa kale. Bwana Msa, mpelelezi asiyeachana na kiko chake, hakubali. Anauliza, ananyamaza, anavuta kiko, kisha anauliza jambo linaloonekana halina maana, na Najum aliyefuatana naye anabaki akikisia pamoja na msomaji. Hapo ndipo ilipo nguvu ya kitabu: dalili zote zimewekwa wazi, hivyo kijana anaweza kushindana na Bwana Msa na pengine kumpata muuaji mapema. Lugha ni ya Unguja, yenye maneno ambayo msomaji wa bara atayauliza, lakini mazungumzo yana mwendo wa haraka na maana hujitokeza yenyewe. Faida nyingine, ambayo mnunuzi asiidharau, ni kwamba akikipenda hutahangaika kutafuta kinachofuata, kwa kuwa Bwana Msa anarudi katika Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973) na Siri ya Sifuri (1974). Namna riwaya hizi zinavyowatazama watumishi na wanawake ni ya zama zake, na mzazi anayependa mazungumzo atapata la kuzungumza.

Inayofuata ni Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, kwa miaka 14 na kuendelea. Msimulizi ni Kongowea Mswahili, kijana wa Tanga, mtoto wa mwimbaji wa taarabu, anayefunga safari ya kuvuka mpaka kwenda kumtafuta baba yake Kenya. Riwaya hii imesomwa na kizazi kizima cha wanafunzi wa Kenya kama kitabu cha mtihani, na hata hivyo wapo watu wazima wanaoisoma tena kwa hiari yao, jambo ambalo ni vitabu vichache vya shule vinavyoweza kujivunia. Sababu moja ni kwamba mhusika anasema mwenyewe kwa nafsi ya kwanza. Nyingine ni Kiswahili chake, kilichojaa misemo na methali lakini hakichoshi. Mtoto anayedharau Kiswahili kwa kudhani ni lugha isiyo na mapambo apewe hii kabla ya nyingine yoyote, hata kabla ya ile niliyoiweka juu.

Kwa msomaji wa miaka 12 hivi ambaye hajawahi kumaliza riwaya, ningeanza na Takadini ya Ben Hanson. Sekai, mama aliyekaa miaka mingi bila mtoto, anajifungua mtoto zeruzeru, na mila za kijiji chake zinataka mtoto huyo auawe. Anambeba na kutoroka usiku. Sentensi ni fupi, kisa kinakwenda mbele bila kuzunguka, na swali la kama mtoto atapona linaulizwa tangu kurasa za mwanzo. Katika nchi ambako watu wenye ualbino wameuawa kwa imani za kishirikina, sidhani kama pana haja ya kueleza kwa nini kitabu hiki kinafaa kuwamo nyumbani. Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo inakikaribia kwa urahisi wa lugha: Peter na Zita wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, baba yao Lomolomo ni mlevi, na mama anauza chakula mjini Dar es Salaam. Nimeiweka chini kidogo kwa kuwa huzuni yake haina mahali pa kupumzikia, na mtoto mwepesi wa kuumia anaweza kuiacha njiani.

Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyochapwa mwaka 1952, ni kitabu chembamba kinachowahadaa wanunuzi. Wembamba wake humfanya mtu akidhani ni cha mtoto wa miaka 10, kumbe lugha yake imekolea na sentensi zake zinataka pumzi. Kisa chenyewe lakini ni cha ajabu: Adili ni liwali mtukufu wa Janibu, naye kila usiku huwapiga manyani wawili, ingawa moyo unamuuma, na Mfalme Rai anataka kujua sababu. Manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Nakipendekeza kwa miaka 12, kwa sharti kwamba mtu mzima asome sura za mwanzo kwa sauti pamoja na mtoto. Baada ya hapo udadisi utafanya kazi iliyobaki.

Walio chini ya miaka 12 wasiharakishwe. Hekaya za Abunuwasi zinasomeka moja moja, zinachekesha, na hazimlazimishi mtoto kukumbuka alipoishia jana. Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2015, inamfaa mtoto anayependa mambo yaliyopinduka kichwa chini miguu juu, na Ndoto ya Amerika ya Walibora inamfaa mvulana ambaye Marekani imemteka akili.

Kijana wa miaka 15 anayependa historia apewe Kuli ya Adam Shafi (1979), inayohusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wa mwaka 1948. Anayependa kuigiza apewe Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 juu ya Vita vya Majimaji, lakini nunueni nakala mbili au tatu ili isomwe kwa kugawana sehemu. Rosa Mistika ya Kezilahabi na Utengano ya Said Ahmed Mohamed ni riwaya kubwa ambazo ningezisubirisha hadi miaka 16, kwa sababu ya namna zinavyoeleza unyonyaji wa kimwili wa wasichana.

Kabla ya kulipa, soma jalada vizuri. Karibu kila riwaya iliyowahi kutahiniwa ina kitabu kingine cha uhakiki au mwongozo chenye jina lilelile kwa herufi kubwa, na wapo wazazi wengi wanaofika nyumbani na muhtasari wakidhani wamenunua hadithi. Kisha pindua kurasa za katikati: nakala zilizochapwa kwa magendo hujulikana kwa wino uliofifia, ukingo wa maandishi uliokatwa na kurasa zinazorukwa, na hakuna linalomkera msomaji wa riwaya ya upelelezi kama kukosa ukurasa wa mwisho. Mwachie mtoto mwenyewe asome ukurasa mmoja papo hapo dukani. Akikwama kwenye maneno zaidi ya matano, rudisha rafuni na uchukue chepesi zaidi. Akiupindua ukurasa bila kuambiwa, lipa.